Hatua za Kwenda Bombani

Walukuba, Jinja
11 Aprili 1976

Kwa Nasimiyu, mwenye jina la marehemu mke wangu na kwa hiyo ni mke wangu, hapo Mbale.

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, si mkono wa kuazima. Watu wa hapa wakitaka barua wanamwendea karani. Mimi hapana. Mimi nilifundishwa kuandika na jeshi la Kingi kule Burma, juu ya sanduku la risasi, mvua inanyesha. Kwa sababu hiyo nakuandikia Kiswahili, maana lugha yetu hakuna afande aliyenifundisha herufi zake. Siku hizi nikikisema njiani watu wanafunga milango, maana ndiyo lugha ya askari, wanadhani nimekuja kuchukua mtu. Mzee kama mimi.

Hapa tu wazima. Mama yako Selpher mzima, anakaanga mandazi siku akipata unga, siku asipopata anakaa. Jirani Mugweri mzima, na mdomo wake mzima kuliko yeye. Kuku mmoja amekufa, si kwa ugonjwa, kwa ujinga.

Umeuliza mara mbili kwa nini nilinyamaza tangu Krismasi. Nilikuwa na kazi nyingi. Mambo ya watu wazima, usiulize tena.

Sasa nasikia unataka kusoma tena. Ulikwenda Nairobi ukasoma kukanda miguu ya watu, nikasema sawa. Leo mama yako ananiambia unataka chuo cha ng'ambo kikupe shahada kubwa ya kukanda miguu ileile. Kwani imeota vidole vipya? Mimi Burma nilimkanda mwenzangu Odero kifundo kwa mafuta ya bunduki, akasimama, akabeba mzigo wake mpaka mtoni, na hakuna aliyenipa hata karatasi ya kufungia sukari. Lakini niandikie hao watu wanataka nini, nipime kama ni watu wa maana.

Jambo lingine, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tangu wale watu wa serikali wa miwani ya giza wampandishe baba yako Cleophas kwenye gari langoni pa kiwanda, mama yako anasema tukazike shina la mgomba nyumbani Lwakhakha, kama wazee wetu wanavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukuonekana, ili kilio kiishe naye avue kitambaa cheusi. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini mitambo ya kiwanda imesimama, vipuri hakuna, na Walukuba imenyamaza hata unamsikia kuku akiwaza. Hapo ndipo nikamsikia.

Mchana kabisa, jua kichwani, nikienda bombani kuchota maji. Unaujua ule mguu wake wa kushoto, uliopooza akiwa mtoto, jinsi ulivyoburuta. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Ananifuata toka barazani hadi bombani. Nikisimama anasimama. Nikigeuka hayupo. Adabu yake ni ileile, hampiti baba yake njiani.

Kwa hiyo mgomba hauzikwi. Mwambie mama yako, wewe anakusikia.

Mimi babu yako,
Nicanor Makokha, Koplo


Namakwekwe, Mbale
2 Mei 1976

Mulembe, Babu,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa safari hii mistari inateremka kama watu wanaoshuka mlima. Mimi mzima. Nimepata chumba Namakwekwe kwa mama mmoja, Hadijah, mpole, ila hataki nikae barazani jua likishazama. Mlima tunauona asubuhi, ukifika mchana umejifunika.

Nakuomba jambo moja kabla ya mengine. Usiandike tena habari ya gari. Barua yako ilinifikia imefungwa kwa gundi ambayo si yako.

Umeuliza wanataka nini. Wanataka cheti changu cha Nairobi na miaka ya kazi, ninavyo. Walitaka mtihani wa Kiingereza, nimeufanya. Wanataka mkubwa wa kazi anishuhudie. Bwana Mafabi, mkuu wa chumba chetu cha mazoezi hapa hospitalini, amekubali. Limebaki moja. Niandike habari za mgonjwa mmoja niliyemtibu mwenyewe, mikono ileile, tangu alipokuwa hawezi kwenda vizuri mpaka alipoweza. Bwana Mafabi amwone mwanzo, amwone mwisho, atie sahihi. Bila hilo hawanipokei, hata niwe na vyeti vya kujaza kapu.

Najua utasema hospitali imejaa vilema, chagua mmoja. Nilichagua. Alikuwa dereva, paja limevunjika. Tulifika mahali pa kuweka gongo moja chini. Jumatatu nikakuta kitanda kimetandikwa. Nesi akasema ameruhusiwa. Nikauliza na nani, akaanza kukunja mashuka ambayo yalikuwa yamekunjwa. Viatu vya dereva vilikuwa chini ya kitanda. Wa pili alikuwa mwalimu. Aliposikia habari ya viatu, aliondoka na magongo yetu kupitia Namatala, na simlaumu. Siku hizi nikiingia wodini natazama kwanza chini ya vitanda, ndipo nawatazama watu.

Bwana Mafabi ananihimiza nisipitishe Krismasi. Hasemi kwa nini, nami siulizi.

Babu, nijibu mambo mawili tu. Hizo hatua, unazisikia ukiwa umeketi? Na kiatu chako cha kushoto, hebu kigeuze, utazame ncha ya soli.

Mjukuu wako akupendaye,
Nasimiyu


Walukuba, Jinja
30 Mei 1976

Mke wangu mdogo,

Salamu zako tumezigawana, zimetosha, nyingine amechukua Mugweri bila kuombwa. Mama yako amepata unga. Mimi ni mzima kama chuma.

Kuhusu gundi: waifungue. Huenda wakajifunza mwandiko.

Nimesoma masharti ya hao watu wa chuo. Ni watu wa maana kidogo. Hata jeshini hukupewa nyota kwa kusema unajua kulenga, ilibidi shabaha ianguke na mkubwa aione ikianguka. Habari ya dereva sikuipenda. Sitaiandika zaidi ya hapo.

Maswali yako ni ya kipolisi. Unauliza kuketi. Nikiketi haji, na wewe ungetaka atembee tu mchana kutwa na mguu ule? Naye apumzike. Unauliza kiatu. Kiatu changu ni cha tairi, na ncha ya kushoto imelika kwa sababu fundi alikata tairi bovu. Kulia alikata tairi zuri. Ndiyo biashara ya siku hizi.

Mugweri amezidi. Jana mbele ya watu wa bombani alisema, "Koplo, mdomo wako unahamia upande wa Iganga, uuage kabisa." Nikamwambia, wako ulihama zamani na haujapata nyumba. Watu walimcheka yeye. Na vikombe vya siku hizi vinateleza, kiwanda gani kinatengeneza vikombe hivi sijui. Mama yako ameanza kunipa chai kwenye kopo.

Ta, shwaa. Leo asubuhi alikuja tena.

Nicanor Makokha, Koplo


Namakwekwe, Mbale
20 Juni 1976

Mulembe, Babu,

Nawasalimu nyote, na mama umpe mkono wangu. Huku mvua imeharibu barabara, barua zinachelewa. Hii niliiandika mara tatu na kuichana, kwa hiyo sehemu ya ucheleweshaji ni yangu.

Ulianguka, Babu. Kati ya Krismasi na barua yako ya Aprili, ulianguka, na ulimkataza mama kuniambia. Ni kiharusi. Kimeshika upande wa kushoto: mdomo, mkono unaoangusha kikombe, na mguu. Vidole vya mguu haviinuki, vinakwangua chini. Ndiyo maana ncha ya kiatu imelika. Ndiyo maana ukisimama anasimama.

Baba hakuwa akitoa sauti ile, ukikumbuka vizuri. Baba alikuwa na kile kiatu cha soli nene, mguu uleule ulikuwa ukigonga ndipo ukaburuta. Wewe wa kushoto unaburuta tu, ile "ta" ni ya mguu mzima.

Ni wewe, Babu.

Mguu huu unatibika, nimetibu mibaya zaidi. Nao ndio mguu ninaouhitaji, kwa kuwa wewe hakuna atakayekutandikia kitanda Jumatatu. Njoo Mbale ukae kwangu, Bwana Mafabi akuone kabla sijakugusa. Tukianza mapema, kabla ya Krismasi tumemaliza.

Sitakudanganya. Ukipona, hatua zile zitakwisha. Najua ninachokuomba. Mimi mwenyewe, nilipoisoma ile barua ya kwanza, niliinuka kutafuta nauli ya Jinja kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Nasimiyu wako


Walukuba, Jinja
4 Julai 1976

Nasimiyu,

Hapa wazima.

Nani amekuambia mimi nataka kupona?

Mimi nimemlea Cleophas, nimembeba mgongoni kutoka Lwakhakha mguu wake ukining'inia kama kamba. Wewe na cheti cha Nairobi unataka kunifundisha sauti ya mguu wa mtoto wangu. Tafuta mguu mwingine. Uganda imejaa miguu.

N. Makokha


Namakwekwe, Mbale
15 Agosti 1976

Mulembe, Babu, na mama, na Mugweri.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu sikuwa na la kuongeza. Nilimpata mgonjwa mwingine, mama muuza samaki aliyevunjika nyonga. Alikuwa mcheshi, angekupenda. Ijumaa alisimama bila kushikwa, akaniambia Jumatatu nimletee muziki.

Viatu vyake vilikuwa vya plastiki, vya kijani.

Sikuombi kitu. Nawasalimu tu.

Nasimiyu


Walukuba, Jinja
22 Agosti 1976

Kwa mjukuu wangu Nasimiyu,

Barua yako nimeisoma barazani, halafu nimeisoma ndani.

Kuna kitu sikumwambia mtu, hata mama yako. Siku ile nilikimbia mpaka langoni pa kiwanda. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Kiatu chake cha kushoto, kile cha soli nene, kilibaki pale kwenye vumbi, na watu walikuwa wanakizunguka kama kinyesi, hakuna anayetaka kuonekana akikiinamia. Mimi nilikiokota. Kiko chini ya kitanda changu tangu siku hiyo, kimefungwa kwa gunia.

Kwa hiyo najua anagonga kabla ya kuburuta. Nilijua kabla hujaniandikia. Na najua kiatu hakijatoka kwenye gunia.

Mimi ni mtu mzima, nimeokota kiatu cha mtoto wangu. Sitaki mtu aokote chako chini ya meza huko Mbale. Wewe utoke. Kama mlango wako ni mguu wangu, pita.

Nakuja na basi la Alhamisi. Usinisemeshe habari ya mguu mbele ya kondakta.

Nicanor Makokha, Koplo


Namakwekwe, Mbale
12 Desemba 1976

Mulembe, Babu,

Natumaini basi lilikufikisha salama na hukugombana na mtu njiani. Chumba kimekuwa kikubwa tangu uondoke. Hadijah anauliza yuko wapi yule mzee anayepiga saluti akipewa uji.

Habari ya kwanza ni yako wewe mgonjwa wangu: nimemaliza kuiandika. Bwana Mafabi ametia sahihi mahali pa mwanzo na mahali pa mwisho. Alisema hajaona mzee mkaidi hivi akinyoosha kifundo vizuri hivi. Siku iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na koti lake jeupe limetundikwa pale anapolitundika kila siku. Tumepata salamu kwamba familia nzima ilivuka mpaka pale Malaba. Koti tumeliacha palepale.

Nacheka peke yangu nikikumbuka wiki ile ya kwanza. Ulikataa kushika vyuma, ukakataa kuinua vidole kwa lugha ya adabu, mpaka nikachoka nikakupigia kelele, "Koplo Makokha! Kushoto! Kulia! Kisigino kwanza!" Vidole vikainuka kama vimeitwa na mfalme. Na nje ukumbi mzima ukaondoka, wagonjwa, manesi, hata yule wa mguu wa plasta, wote wamesikia amri za jeshi kwa Kiswahili wakajua wamefikiwa. Tulipofungua mlango palikuwa na benchi tupu na kopo la maji linabingirika.

Tangu siku ile nikakuamrisha kwa mnong'ono. Kushoto. Kulia. Kisigino kwanza. Nadhani hakuna daktari ng'ambo aliyewahi kumponya mtu kwa gwaride la kunong'onezana.

Chuo kimejibu. Nakwenda Januari. Sitapitia Jinja kuaga, unajua kwa nini, njia ile ina macho. Babu, sijakuuliza kama kule nyumbani bado unasikia kitu. Usinijibu kama hutaki.

Nasimiyu


Walukuba, Jinja
20 Machi 1977

Kwa mke wangu Nasimiyu, msomi wa ng'ambo, anayekaa kwenye baridi kwa hiari yake.

Barua hii anaibeba dereva Wanyama wa lori la Mombasa, ataiposti akishavuka mpaka, kwa hiyo hakuna gundi ya mtu mwingine. Uliandika Desemba, nami najibu Machi. Sikuwa na kazi nyingi safari hii. Nilikuwa nafikiri.

Hapa tu wazima. Kiwanda bado kimelala. Mugweri amemaliza utani wa mdomo wangu kwa sababu umerudi mahali pake, sasa anatafuta utani mpya na hapati. Mimi natembea Walukuba yote. Juzi nilimpita kijana wa miaka thelathini kwenye mteremko, nikamwambia pole. Waambie walimu wako wakitaka mfano mwingine wanitumie tiketi.

Umeuliza kama nasikia kitu. Nilitoka kwenye basi, nikaweka mzigo, nikachukua ndoo, nikaenda bombani. Kimya. Nikarudi, kimya. Nikaenda tena bila kuhitaji maji. Mama yako alikuwa ananitazama, akasema, "Baba, kesho tukate mgomba."

Tukaenda Lwakhakha. Tumemzika baba yako, Nasimiyu. Ndugu walikata shina zuri, wakalifunga kwa shuka, nikalifuata nyuma mpaka shimoni, miguu yangu miwili ikienda sawa. Watu walinisifu mwendo. Ilikuwa mara ya kwanza sifa kutonipendeza. Pale shimoni nilitoa gunia, nikaweka kile kiatu upande wa kushoto wa shina. Mama yako alikitambua. Hakuniuliza nilikitoa wapi, alikirekebisha tu, kikae vizuri. Kisha akavua kitambaa.

Nilidhani kazi imekwisha. Aliyetaka kuzika ni yeye, sasa amezika. Lakini tuliporudi akaanza kuacha mandazi yaungue. Anakaa mlango wa jikoni, kichwa upande mmoja, kama mtu anayengoja basi. Siku moja akaniuliza, "Baba, siku hizi hatuchoti maji?"

Nikasema, "Nimetoka bombani sasa hivi. Ndoo hiyo hapo."

Akaitazama ndoo. Akasema, "Sijasikia mtu kupita."

Hapo nikaelewa. Kwamba ni mimi, alijua tangu siku ya kwanza, ndiye aliyeniokota sakafuni nilipoanguka. Alijua na bado alikuwa anasikiliza. Mimi nilidhani nasikiliza peke yangu.

Sasa nakuambia hili, na kwenye kitabu chako usilitie. Kitabu kinasema mgonjwa amepona na kinasema kweli, sahihi ya Mafabi ni halali, mguu wangu ni mzima na nitaapa hivyo popote. Lakini Jumapili, mama yako akiwa jikoni ameinamia moto, nilichukua ndoo. Nilipofika kizingitini nikauachia mguu wa kushoto. Ulikataa. Umeuzoesha vibaya, unataka kisigino kwanza. Nikauamrisha kwa mnong'ono kama ulivyoniamrisha, mpaka ukakumbuka. Nikagonga kwanza, kama kiatu cha soli nene. Halafu nikaburuta. Nimepita mbele ya mlango wa jikoni hivyo, sikugeuza shingo.

Ndani moto ulikuwa unalia. Mama yako hakuinua kichwa. Akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, ya kugomba kidogo, "Umechelewa leo."

Nikaendelea na njia. Si mimi niliyeambiwa.

Nikafika bombani, nikajaza ndoo, nikakaa nayo kidogo. Nikarudi kwa mguu mzima, kisigino kwanza, taratibu, asinisikie.

Babu yako,
Nicanor Makokha, Koplo